Baridi Haina Meno

Kila mwaka, ifikapo Julai au Agosti, katika wilaya zetu za nyanda za juu kusini husikika neno moja lile lile: "Baridi imeua ndama." Husemwa kilabuni, husemwa nje ya kanisa baada ya ibada, husemwa katika mkutano wa kijiji, na anayelisema hutikisa kichwa kama mtu anayetoa habari ya msiba ulioletwa na Mungu. Wanaomsikiliza humwitikia, "Pole sana," kisha mazungumzo huhamia kwenye bei ya mbolea. Hakuna anayeuliza swali. Nimeamua kuandika kurasa hizi chache ili kusema kwamba neno hilo ni uongo. Nina haki ya kusema hivyo, kwani mimi mwenyewe niliwahi kuliandika kwa mkono wangu, nikaligonga muhuri, na kulipeleka kwa wakubwa wangu wa kazi.

Mwaka 1993 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu katika nyanda hizo. Jina la chuo silitaji, kwa kuwa kosa halikuwa la majengo wala la wanachuo. Chuo kilikuwa na wanachuo wapatao 300, shamba la mahindi na maharage, bustani ya mboga, na zizi la ng'ombe chotara wa maziwa. Mradi huo ulikuwa umeanzishwa na wakuu walionitangulia kwa ajili ya Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliitangaza mwaka 1967. Mwaka huo wa 1993 tulikuwa na ndama 11. Kati ya Julai na Septemba walikufa 7.

Katika taarifa yangu niliandika kwamba vifo hivyo vilisababishwa na "baridi kali isiyo ya kawaida pamoja na ugonjwa wa nimonia". Ilikuwa taarifa safi, imepigwa chapa vizuri, ina vichwa vya habari na majumuisho. Nilikuwa mwalimu wa lugha kabla sijawa mkuu wa chuo, na ninajua kupanga sentensi. Naomba msomaji aniruhusu sasa niipangue ile taarifa, kipengele kimoja baada ya kingine.

Nianze na hilo la baridi isiyo ya kawaida. Kipupwe cha nyanda za juu ni cha kawaida kama Jumapili. Mvua hukatika Aprili au Mei, upepo huanza, na kuanzia Juni usiku huwa mkali. Kule Makete, kwenye uwanda wa Kitulo ulio juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,500, asubuhi nyingine majani huwa meupe kwa sakitu. Babu zetu walilijua jambo hili, na wao hawakuwa na kipimajoto. Na huko huko Kitulo, kwenye baridi kupita yetu ya chuoni, Serikali imefuga ng'ombe wa maziwa aina ya Friesian kwa miaka mingi. Kama baridi peke yake ingekuwa inaua ndama, Kitulo pasingekuwa na zizi hata moja. Kadhalika Uholanzi, Uswisi na Kanada zisingejua ladha ya siagi.

Ndama anapozaliwa huanza kulipia joto lake kwa chakula pale hewa inaposhuka chini ya nyuzi 10 hivi za Selisiasi. Akiwa mkavu, amelala juu ya matandiko mengi ya majani makavu, amekingwa upepo, na ameshiba, baridi ile huibeba. Akishakua na tumbo lake kubwa likaanza kazi ya kusaga na kuchachusha majani, kazi hiyo yenyewe hutoa joto. Tumbo la ng'ombe ni jiko, na majani ndiyo kuni zake. Mtu akizima jiko nyumbani mwake usiku wa Julai, kisha asubuhi akawakuta watoto wanatetemeka, ataishitaki Julai?

Pale chuoni tulikuwa na mchungaji mmoja, mtu mzima aliyenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Hakuwa amesoma kupita darasa la nne. Kila asubuhi alinikuta njiani kuelekea ofisini akaniamkia, "Shikamoo Mkuu," nami niliitikia "Marahaba" bila haya, kana kwamba cheo hupunguza umri wa mwenzako. Siku moja ya mwezi Aprili, majani yakiwa yamefika magotini na yanaanza kutoa maua, alinisimamisha akiwa amevua kofia.

"Mkuu," aliniambia, "hawa watoto watakula nini mwezi wa nane?"

Nilimwambia, "Mzee wangu, nchi nzima imejaa majani, nawe unauliza watakula nini?"

Hakubishana. Alisema tu, "Sawa Mkuu," akavaa kofia yake na kwenda zake. Nilisimulia jambo hilo katika chumba cha walimu wakati wa chai, tukacheka.

Sasa nitaeleza yale majani yaliyojaa nchi nzima yalikwenda wapi, maana ndipo penye aibu yenyewe. Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo kila shule na kila chuo nchini hufyeka. Tulifyeka uwanja wa mpira, kingo za barabara, eneo la mabweni na nyuma ya jiko. Aliyechelewa gwaride alifyeka. Aliyezungumza wakati wa kujisomea usiku alifyeka. Aliyemjibu mwalimu vibaya alipimiwa eneo lake kwa hatua na kufyeka mpaka jua lizame. Majani mabichi, yenye maua yanayochanua, yakiwa katika ubora wake wa mwaka mzima, yalikusanywa na toroli, yakalundikwa nyuma ya vyoo, na yalipokauka tukayachoma moto. Nilikuwa nikisimama kuutazama moshi ule nikajisikia mkuu wa chuo kisafi.

Hesabu niliyopaswa kuifanya Aprili 1993 niliifanya baada ya kustaafu, nikiwa na karatasi na penseli kibarazani kwangu. Ndama wa kilo 80 hivi, akipewa na pumba kidogo, hula kilo 2 za majani makavu kwa siku. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba ni siku kama 150. Basi ndama mmoja anahitaji kilo 300. Robota moja la hei lililoshindiliwa kwa mkono lina kilo 15 au zaidi. Kwa hiyo ndama mmoja ni marobota 20, na ndama 11 ni marobota 220. Nilikuwa na wanachuo 300. Kila mwanachuo angefunga robota moja tu, mchana mmoja tu wa maisha yake, ndama wote wangekula kipupwe na kiangazi chote, na yangebaki marobota 80 ya kuwapa mama zao. Yale tuliyoyachoma nyuma ya vyoo yalikuwa mengi kuliko hayo.

Wapo watakaosema kwamba hei ni mambo ya Wazungu wenye matrekta. La hasha. Robota hufungwa kwa sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu wake sentimita 85, upana 55, na kina 45 hivi. Unatandika kamba mbili, unajaza majani yaliyokauka kwa siku mbili au tatu, yaliyogeuzwa geuzwa yasichome sana juani, unayakanyaga kwa miguu, unafunga kamba, unanyanyua sanduku. Fundi seremala wa kijiji chochote huliunda kwa nusu siku. Linalotakiwa zaidi ya hapo ni paa lisilovuja na chaga za kuyainua marobota yasiguse ardhi. Sanduku hili lingeweza kutengenezwa katika karakana ya chuo changu, ambako wanachuo walikuwa wakijifunza kuchora viungo vya mbao ubaoni.

Wengine husema nchi yetu haina theluji, na kwa kuwa majani yapo mwaka mzima ng'ombe hawezi kulala njaa. Hili limewapotosha hata wasomi. Majani yapo, ndiyo, lakini si yale yale. Wakati yanapotoa maua yana protini ya asilimia 8 hadi 10 hivi. Yakishakauka yamesimama, yakapigwa jua na upepo mpaka Agosti, protini huweza kushuka chini ya asilimia 4, na ile rangi ya kijani, ambayo ndimo inamotoka vitamini A, huwa imekwisha. Chini ya asilimia 7 hivi vijidudu vya tumboni vinavyomsagia ng'ombe majani hukosa chakula chao wenyewe. Hapo ng'ombe hula kidogo, na hicho kidogo hukaa tumboni muda mrefu. Ukimtazama kwa mbali unamwona tumbo limejaa, kumbe mwili una njaa. Ng'ombe mkubwa huvumilia kwa kula mafuta yake mwenyewe ya mgongoni. Ndama hana mafuta ya kula. Theluji ina heri, maana humwonyesha mwenye macho kwamba malisho hayapo. Sisi tumepewa majani yaliyokufa yakiwa wima, nasi tukayaita malisho.

Na maziwa je? Hapa kuna jambo ambalo sikuwahi kulisema hadharani. Ndama mwenye kilo 40 anahitaji si chini ya lita 4 za maziwa kwa siku katika wiki zake za kwanza, na kukiwa na baridi anahitaji zaidi. Ndama wetu walipewa lita 2. Zilizobaki zilikwenda sehemu mbili: nyingine ziliuzwa ili kununulia chaki na karatasi za rula, na nyingine zilikwenda katika birika ya chumba cha walimu. Nilikunywa chai ya maziwa kila siku saa nne asubuhi katika kipupwe chote cha mwaka 1993. Nilikuwa nikiishika bilauri kwa mikono miwili, nipate joto.

Alipokufa ndama wa tatu nilimwita bwana mifugo. Alimpasua mbele yangu, nyuma ya zizi. Alinionyesha figo. Kwa mnyama mwenye afya figo huzungukwa na mafuta meupe magumu. Kwa yule ndama mafuta hayo yalikuwa yamegeuka ute, yanateleza kama mlenda. Kisha alinionyesha pafu lililowiva kwa nimonia. Aliandika mambo mawili katika karatasi yake: kwamba mnyama alidhoofu kwa njaa ya muda mrefu, na kwamba nimonia ilimmalizia. Mimi nilipoandika taarifa yangu nilichukua la pili nikaliacha la kwanza. Sikuzua neno. Nilichagua tu. Nimewafundisha vijana wengi kwamba uongo ni kusema lisilokuwapo, na nimekuja kujua uzeeni kwamba uongo mwingi wa ofisini hufanywa kwa namna nyingine.

Siku ile, mchungaji alikuwa amesimama pembeni ameshika kamba. Nilimwambia, labda kwa kutaka anikubalie, "Mzee, baridi ya mwaka huu ni mbaya." Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mkuu, baridi haina meno."

Kwa jibu hilo nilimwona mtu mkaidi. Kamati ya miradi ilipokutana na kuuliza nani alikuwa na dhamana ya ndama, nilisema ukweli mwingine wa kuchagua: kwamba mwenye dhamana ya kuwalisha kila siku alikuwa mchungaji. Alisimamishwa kazi mwezi Oktoba, na hakurudishwa. Hakuna aliyemwuliza yeye. Nami sikusema kwamba mwezi Aprili alikuwa amekuja kwangu amevua kofia.

Nisiseme kana kwamba upumbavu huu ni wetu peke yetu, maana mataifa mengine yalipitia huko huko. Katika nyika za magharibi ya Marekani, Montana na Wyoming na Dakota, matajiri walifuga ng'ombe kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1880 bila kuwakatia jani. Wengi wa wenye mitaji walikaa mbali, wengine huko Uingereza, wakipokea hesabu kwa barua. Waliaminishwa kwamba nyasi za nyikani hujitosheleza zenyewe na kwamba ng'ombe hujipitisha mwenyewe wakati wa theluji. Mwaka 1886 jua liliwaka sana, nyasi zikawa zimeliwa mpaka mzizi, kisha ukaja msimu wa baridi wa 1886 na 1887. Theluji ilianguka, ikayeyuka kidogo, ikaganda tena kuwa barafu juu ya kile kidogo kilichobaki. Walikufa ng'ombe mamia ya maelfu. Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi ile, alipoteza zaidi ya nusu ya mifugo yake huko Dakota.

Katika habari ile lipo jambo linalonichoma. Wenye ng'ombe wa ranchi moja ya Montana walikuwa wameandika kuuliza hali ya mifugo. Kijana mmoja mchungaji aitwaye Charles Russell alichukua karatasi ndogo kama kadi ya posta, akachora ng'ombe mmoja, mifupa mitupu, amesimama katika theluji, na mbwa mwitu wanamsubiri. Picha hiyo ndiyo iliyopelekwa kwa wenye mali kuwa taarifa. Naye alikuja kuwa mchoraji mashuhuri. Lakini mimi ninachokiona ni kwamba mchungaji yule alituma taarifa ya kweli kwa karatasi isiyozidi kiganja, ilhali mimi, mwenye stashahada na mashine ya chapa, nilituma kurasa tatu za uongo.

Na wao walijifunza. Granville Stuart, mmoja wa wafugaji wakubwa wa Montana, aliapa kutomiliki tena mnyama ambaye hawezi kumlisha na kumkinga. Waliosalia katika kazi walipunguza makundi, wakazungushia uzio, wakaanza kulima na kukata majani wakati wa kiangazi chao kwa ajili ya majira ya baridi. Mpaka leo wafugaji wa Montana huweka akiba ya hei kabla ya majira ya baridi. Msiba mmoja uliwatosha. Sisi tunao kila mwaka, kidogo kidogo, hatujajifunza kitu.

Hapa najua baadhi ya wasomaji watafurahi wakidhani naelekea kuwatukana Wamasai, Wasukuma na Wabarbaig, kama ilivyo desturi ya hotuba nyingi. Sielekei huko. Ukame wa mwaka 2009 ulipoua mifugo Longido, Monduli na Ngorongoro, na ulipokuja mwingine Simanjiro mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022, na Kenya jirani zetu walipopoteza mifugo zaidi ya milioni 2 katika ukame ule wa miaka mitatu, nilisikia watu wakisema redioni kwamba wafugaji hawana akili ya akiba. Huo ni utovu wa adabu. Wamasai wana olopololi, malisho ya karibu na boma yanayotengwa kwa ajili ya ndama na wagonjwa, na ng'ombe mkubwa haruhusiwi kuyaingia. Wasukuma wana ngitili, majani yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, haukubuni kitu kipya. Uliwarudishia watu ngitili zao, na nchi iliyokuwa ikiitwa jangwa ikaota miti. Watu hawa waliifikiria Agosti wakati wa Aprili kabla chuo changu hakijajengwa. Ukame wa misimu mitatu mfululizo hauzuiwi kwa marobota, na sidai hivyo. Lakini anayelima au kuigawa ardhi ya olopololi na ngitili, kisha akamlaumu mfugaji kwa kukosa akiba, huyo namfananisha na mimi mbele ya kamati ya miradi.

Lawama yangu iko kwetu sisi wa zizi la nyuma ya nyumba, wenye ng'ombe wawili au watatu, wenye kisomo, wenye redio na simu. Sisi ndio tunaochoma mabua ya mahindi shambani mwezi wa nane huku ndama analia zizini. Sisi ndio tunaokamua dang'a na kuimwaga au kuipika, wakati ndama anatakiwa ainywe ndani ya saa 6 za kwanza, maana baada ya siku moja utumbo wake hufunga mlango na kinga ile ya mama haipiti tena. Sisi ndio tunaosikia habari ya kulainisha mabua kwa urea tukakimbilia kumpa hata ndama wa miezi miwili, ambaye tumbo lake bado halijaweza kuitumia, na ikamdhuru. Na sisi ndio tunaosema, "Maziwa ni pesa, ndama atajitegemea."

Hilo la pesa nitalijibu kwa pesa. Mtamba aliyelishwa vizuri tangu utotoni huzaa akiwa na miezi 27 hadi 30 hivi. Aliyedumazwa na kipupwe viwili vitatu huzaa akikaribia miaka 4. Huo ni zaidi ya mwaka mzima wa maziwa uliouuza kwa ajili ya lita 2 za kila siku. Tena huyo ni yule aliyepona. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, nasi hujisifu kwa idadi hiyo Afrika nzima, lakini idadi haikamuliwi.

Na nisiwasahau walimu wenzangu. Tulifundisha Elimu ya Kujitegemea kama somo la kukariri. Mwanachuo aliweza kukuandikia madhumuni yake matano na kuyafafanua kwa mifano, akapata alama za juu, kisha akatoka chumba cha mtihani kwenda kufyeka majani na kuyachoma. Jembe na fyekeo tuliligeuza fimbo. Kijana aliyefundishwa kwamba kukata majani ni adhabu, utamshawishi vipi akiwa na zizi lake kwamba kukata majani ni ufugaji? Walimu waliotoka mikononi mwangu walikwenda vijijini wakiwa na chuki ile ile, wakawarithisha watoto wa shule za msingi. Ikiwa leo kijiji kizima kinaweza kusema "baridi imeua ndama" bila mtu kucheka, sehemu ya somo hilo ilitoka kwangu.

Nina maombi machache kwa anayesoma. Shule yenye ng'ombe isichome jani hata moja lililofyekwa Aprili na Mei, na kufyeka huko kusiwe adhabu. Kijiji chenye bwana mifugo kimtake afundishe sanduku la marobota wakati wa mvua, badala ya kumngoja apasue mizoga wakati wa kipupwe. Mwenye ndama ampe dang'a, ampe maziwa yake, amtandikie majani makavu mengi, amzibie upepo upande unakotoka, na kuanzia wiki ya pili au ya tatu amzoeze pumba na mashudu kidogo kidogo, na maji safi, ili lile jiko lake liwake mapema. Na ajuaye kwamba hawezi kulisha wanne hadi Novemba, auze wawili mwezi wa tano wangali wanene.

Nilistaafu mwaka 2010. Mwaka uliofuata niliulizia, nikaelekezwa kwa yule mchungaji, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabarani. Nilimkuta anatengeneza mpini. Nilimpa shikamoo yake, ile niliyokuwa na deni nayo kwa miaka kumi na minane na zaidi, nikamweleza yote niliyoyaandika hapa. Alinisikiliza bila kuniacha nisimame, alinivutia kigoda. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme. Aliniuliza kama nimekula, kisha akanichukua nyuma ya nyumba kunionyesha ng'ombe wake wawili na ndama mmoja. Juu ya zizi alikuwa amejenga dari ya fito, na dari ilijaa majani makavu yenye rangi ya kijani mpaka chini ya bati. Ilikuwa tarehe za mwisho za Agosti. Upepo ulikuwa unavuma kiasi cha kumfanya mtu mzima afunge koti, na yule ndama alikuwa amelala kwenye majani anacheua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwaka huu ukimsikia mtu akisema kwamba baridi imemwulia ndama, mpe pole, kwani hasara ni hasara. Halafu mwulize alikata majani kiasi gani mwezi wa nne. Akikasirika, mwambie swali limetoka kwangu.